Serikali Inafuliza kwa Mpishi

Nikiwa kidato cha tatu nilitumwa nyumbani kwa sababu ya karo. Deni langu lilikuwa shilingi 4,300, pesa za chakula cha mchana pamoja na zile nyingine ndogo ndogo ambazo kila shule ina jina lake la kuziita. Tulipangwa mstari, majina yakasomwa, tukaambiwa tusionekane getini bila risiti.

Kabla ya kutoka ilibidi nipitie jikoni nichukue funguo za nyumba, kwa sababu mathe ndiye alikuwa nazo. Mathe alikuwa mpishi wa shule hiyo hiyo. Nilimkuta ameinamia sufuria ya githeri, mwiko mkononi, moshi wa kuni umemzunguka. Aliniuliza ni pesa ngapi. Nikamwambia. Akatoa funguo kwenye mfuko wa aproni akasema, "Enda ufue zile nguo. Nitaongea na mhasibu."

Wakati huo mathe hakuwa amelipwa kwa miezi minne. Mshahara wake ulikuwa 7,000. Yaani mathe alikuwa anaidai shule 28,000, shule ilikuwa inanidai mimi 4,300, na aliyetembea kilomita tatu kurudi nyumbani na mkoba mgongoni ni mimi. Hakuna mtu ofisini aliyeona kwamba hesabu hizo mbili zingeweza kukutana kwenye karatasi moja. Deni la mtoto lilikuwa na daftari, tarehe na jina. Deni la mama yake lilikuwa na neno moja tu: vumilia.

Kwa miaka mingi niliibeba hesabu hiyo kama chuki ya kibinafsi. Nilimchukia mhasibu. Nilimchukia mkuu wa shule na ile tai yake. Nimeanza kuelewa mambo juzi juzi tu, nilipoketi nikafuatilia pesa za shule zinatoka wapi na zinaenda wapi. Mkuu wa shule alikuwa anangoja mgao wa serikali ambao haukuwa umeingia. Kampuni ya stima haingoji mgao. Mwenye lori la mahindi anangoja wiki mbili, halafu anaacha kuleta mahindi. Mtu pekee anayeweza kungojeshwa miezi minne na bado kesho yake saa kumi alfajiri yuko jikoni anawasha moto, ni mpishi.

Wewe unayesoma hii unaijua Fuliza. Salio lako limeisha, unataka kulipa nauli, mtandao unakuongezea, unalipa, halafu pesa zikiingia unakatwa pamoja na ada ya kila siku. Hivyo ndivyo elimu ya bure Kenya inavyoendeshwa. Salio la serikali likiisha, inafuliza kwa mpishi, kwa mlinzi, kwa mama anayefagia madarasa, kwa matroni. Tofauti ni kwamba Fuliza yako ina ada na kikomo. Hii ya serikali haina ada wala kikomo, na anayekopesha hakuulizwa kama anakubali.

Anza na jina lenyewe. Kwa Kiswahili cha magazeti na cha serikali wanaitwa "wafanyakazi wasio walimu". Mtu anaamka saa tisa usiku, anachemsha uji wa watoto 600, anapasua kuni, anaosha masufuria ambayo wewe ungeweza kuogea ndani, halafu jina lake la kazi ni kile ambacho yeye siye. Hatumwiti daktari "mtu asiye muuguzi". Hatumwiti dereva wa matatu "mtu asiye kondakta". Lakini shuleni kuna walimu, na kuna wale ambao si walimu. Jina la aina hiyo linamfanya bosi asahau kwa urahisi kwamba kuna mtu hapo anayekula, anayelipa kodi ya nyumba, na aliye na mtoto kidato cha tatu.

Sasa tuingie kwenye pesa, kwa sababu watu wakiongea juu ya mishahara hii huwa wanaongea juu ya huruma. Mimi sitaki huruma. Nataka hesabu.

Mwalimu wa serikali ameajiriwa na TSC. Mshahara wake unatoka Nairobi, na hautoki kwenye pesa za mgao wa wanafunzi. Mgao ukichelewa, mwalimu wa TSC bado atapokea ujumbe wa benki. Mpishi ni mambo mengine. Kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, mwajiri wake ni bodi ya usimamizi ya shule. Bodi ni nani? Ni wazazi kadhaa, mwakilishi wa mfadhili, mtu wa eneo, na mkuu wa shule kama katibu. Wanakutana, wanakunywa chai iliyopikwa na mpishi, wanaondoka. Bodi yenyewe haitozi ushuru. Ina mgao wa serikali na ina kile ambacho wazazi wanalipa, basi. Sheria imempa jukumu la kulipa mtu ambaye mfuko wake unajazwa na mtu mwingine, akipenda na akikumbuka.

Mgao wa shule za sekondari za kutwa uliwekwa kuwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, tangu 2018. Unatakiwa kuja kwa mafungu matatu: asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 muhula wa pili, 20 muhula wa tatu. Angalia vile hesabu hiyo imekaa. Mpishi anakula asilimia sawa kila mwezi. Tumbo lake haliendi kwa 50, 30, 20. Na hayo ni kama pesa zimekuja zote na kwa wakati, jambo ambalo mwalimu mkuu yeyote atakuambia ni hadithi ya sungura. Mwaka wa shule unaanza Januari, mwaka wa bajeti unaanza Julai, na katikati ya kalenda hizo mbili kuna mtu anakopa unga dukani kwa daftari. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge waziwazi kwamba serikali haina uwezo wa kutoa kiasi hicho chote. Angalau alisema. Lakini hakuna aliyemwambia mpishi kwamba sasa apike asilimia fulani ya githeri.

Shule za msingi ndizo zinaumiza zaidi. Huko mgao ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Kwa mwaka! Chukua shule ya kijijini yenye watoto 200. Hiyo ni 284,000 kwa mwaka mzima. Sasa, serikali hiyo hiyo ilitoa agizo la mishahara lililoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024, likaongeza kima cha chini kwa asilimia 6. Kwa kibarua wa kawaida Nairobi ikawa zaidi ya 16,000 kwa mwezi. Kwa maeneo ya mashambani yasiyo manispaa ikawa kama 8,600. Mwajiri asiyelipa hicho kima amevunja sheria.

Haya, ajiri mlinzi mmoja tu kwenye ile shule ya watoto 200, na tumia kile kima cha kibarua wa mashambani. Mara 12 ni 103,200. Mlinzi mmoja ameshakula zaidi ya theluthi ya pesa zote za shule. Bado hujaweka mtu wa kufagia. Hujaweka mpishi. Hujanunua chaki, hujarekebisha choo, hujalipa maji. Kwa hivyo bodi inafanya nini? Inamlipa mlinzi 4,000 na kumwambia alime kile kishamba kilicho nyuma ya madarasa. Serikali kwa mkono mmoja imeandika sheria ya mshahara, na kwa mkono mwingine imetuma pesa ambazo haziwezi kufikia sheria hiyo. Halafu ikitokea kesi, anayeshtakiwa ni bodi.

Ndiyo maana sipendi ile hadithi ya "wakuu wa shule ni wezi". Wapo wezi, na wafungwe. Lakini hata ukiweka malaika ofisini, malaika huyo atakuwa na 284,000.

Kuna kundi lingine ambalo hata kwenye mazungumzo haya huwa linasahauliwa. Shangazi yangu anafanya kazi kwenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum, ndani ya shule ya msingi ya kawaida. Mwalimu ni mmoja, amesomea. Shangazi hakusomea, lakini yeye ndiye anajua nani anakunywa dawa ya kifafa na saa ngapi, nani akishikwa bega ghafla atapiga mayowe, nani hawezi kumeza ugali mpaka ulainishwe na mchuzi. Anawainua watoto kutoka kwenye viti vya magurudumu kwenda chooni, na wengine ni wakubwa sasa, miaka 14, wazito. Mgongo wake umeisha. Siku asipokuja, wazazi wawili watatu huwa wanarudi na watoto wao nyumbani, kwa sababu mwalimu peke yake hawezi. Kumbe anayewezesha watoto hao kusoma ni nani? Katiba, kifungu cha 54, inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kuingia shule. Kwenye shule hiyo, haki yenyewe ina mikono, na mikono hiyo inalipwa 5,000 kama kibarua, na likizo ikifika hailipwi chochote. Mwaka wa tisa huu, bado ni kibarua.

Na hapo kuna sheria nyingine. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi, au akipewa kazi isiyoweza kuisha kwa chini ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa ameajiriwa kwa mwezi, na haki zake ziende hivyo. Miaka tisa ni miezi 108. Sijui ni kazi gani hiyo ya muda inayochukua miezi 108.

Halafu kuna usiku. Nchi hii imezika watoto waliochomekea bwenini. Kyanguli, Machi 2001, wavulana 67. Endarasha, Septemba 2024, wavulana 21. Baada ya kila moto tunazungumza juu ya vyuma vya madirisha, milango inayofunguka kwa nje, nafasi kati ya vitanda. Ni sawa, tuzungumze. Sisemi neno lolote juu ya watu waliokuwa kazini usiku huo. Walibeba ya kutosha. Ninachouliza ni juu ya leo usiku. Kwenye mabweni yote ya Kenya, saa nane usiku, mtu wa kwanza kusikia harufu ya moshi ni matroni au mlinzi. Tumekabidhi mamia ya watoto kwa mtu ambaye huenda mchana alikuwa kwenye mjengo akibeba mawe, kwa sababu mshahara wa usiku haujaja tangu Mei. Halafu tunataka awe macho. Mtu aliyelala njaa na aliyefanya kazi mbili hawezi kuwa macho kwa sababu tumemwambia awe macho. Mshahara wake ni sehemu ya usalama wa bweni, sawa na mlango.

Najua majibu mtakayoniletea. Nimeyasikia yote, mengine nyumbani kwetu.

Kuna wanaosema hawa watu hawajasoma. Sawa. Mimi pia sina digrii. Niliacha chuo mwaka wa pili, na moja ya sababu ni huo mshahara tunaoongelea hapa. Karo ya chuo haikuwa na "vumilia". Lakini kima cha chini cha mshahara hakiulizi cheti. Kiliwekwa kwa ajili ya mtu asiye na cheti. Na mtu anayeona upishi wa shule si ujuzi, nampa changamoto apikie watu 600 kwa kuni mbichi, chakula kiive pamoja, kitoke saa saba kamili, kisibaki na kisipungue, na asiumwe tumbo hata mmoja. Afanye hivyo Jumatatu hadi Ijumaa. Tuongee Jumamosi.

Kuna wanaosema wanakula bure shuleni. Ni kweli, mathe alikula githeri. Mwenye nyumba hakukubali kulipwa githeri. Tulijaribu kuchelewesha, akang'oa mlango.

Kuna wanaosema wazazi waongeze kidogo. Wazazi gani? Kwenye shule nyingi za kutwa mzazi mwenyewe ni kibarua, muuza mboga, mtu wa bodaboda, mfanyakazi wa nyumbani kwa mtu. Ukimwambia alipe mpishi, umetoa pesa kwenye mfuko wa kibarua mmoja ukaweka kwa mwingine, na uliyetangaza elimu ya bure tangu 2003 umesimama pembeni unapigiwa makofi.

Na kuna lile la mwisho, kwamba serikali haina pesa. Hapa nataka tukae kidogo. Chukua shule ya sekondari yenye wanafunzi 400 na wafanyakazi 10. Walipe 16,000 kila mmoja. Hiyo ni 160,000 kwa mwezi, 1,920,000 kwa mwaka. Gawa kwa wanafunzi 400: ni 4,800 kwa mtoto kwa mwaka. Gawa kwa siku 365: ni shilingi 13. Kumi na tatu! Mandazi moja na kipande. Hiyo ndiyo bei ya kula chakula kilichopikwa na mtu aliyelipwa, kulala ukilindwa na mtu aliyelipwa, kuingia choo kilichooshwa na mtu aliyelipwa. Hata kama pesa ni kidogo, uhaba una njia mbili. Unaweza kugawanywa kwa wote, au unaweza kumwagwa wote juu ya aliye chini kabisa. Sisi tumechagua ya pili, kisha tukaiita hali ngumu ya uchumi.

Na isitoshe, tumeona inavyobadilika. Walimu wa JSS waliokuwa kwenye mikataba ya mafunzo ya kazi waligoma 2024, wakaenda mahakamani, wakaimba barabarani, wakapigwa mabomu ya machozi. Januari 2025, walimu 46,000 kati yao wakaingizwa kwenye ajira ya kudumu. Pesa ambazo hazikuwepo zikapatikana. Siwaonei wivu, walistahili, na wangestahili mapema. Lakini jifunze hapo. Mwalimu akigoma, nchi inajua kwa sababu darasa limesimama na kuna vyama vyenye sauti. Mpishi akigoma, anaitwa mpishi mwingine kutoka foleni ya getini. KUDHEIHA ipo, na inawakilisha wafanyakazi wa taasisi za elimu pamoja na wa majumbani, mahoteli na mahospitali. Lakini mama mmoja na walinzi wawili, kwenye shule moja, chini ya bodi moja, wana nguvu gani ya kujadiliana? Mwajiri akigawanywa vipande elfu, wafanyakazi nao wanagawanyika vipande elfu.

Kwa hivyo madai yangu ni haya, na si mengi.

Mishahara ya wafanyakazi wa shule itolewe kwenye mgao wa wanafunzi. Iwe na fungu lake, ije kila mwezi kama ya walimu, na idadi ya wafanyakazi wa kila shule ijulikane kulingana na wanafunzi wake. Stima ikichelewa kulipwa tutakaa gizani pamoja. Lakini mshahara wa mtu usiwe ndiyo akiba ya kuziba mashimo ya bajeti.

Kila aliyefanya kazi zaidi ya muda wa sheria apewe barua ya ajira. Ikiwa ni pamoja na wasaidizi wa watoto wenye ulemavu, ambao hata kwenye orodha nyingi hawana jina la kazi. Kifungu cha 41 cha Katiba kinasema kila mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki. Hakikuandika "isipokuwa wasio walimu".

Na kima cha chini cha mshahara kiwe sakafu hata serikali inapokuwa ndiyo mlipaji wa nyuma ya pazia. Huwezi kumpeleka mwenye hoteli mahakamani kwa kumlipa mpishi 7,000, halafu shule yako ya umma inalipa hivyo hivyo.

Mathe aliacha kazi. Magoti. Siku ya kuagwa alipewa leso mbili na thamosi, mkuu wa shule mpya akatoa hotuba nzuri, wanafunzi wakamwimbia, akalia. Alirudi nyumbani na zawadi zake, na mshahara wa miezi miwili haujalipwa mpaka leo. Nikimkumbusha ananiambia, "Achana nayo, hata wao hawakuwa nayo." Labda ni kweli. Lakini naye pia hakuwa nayo, na aliitoa.

Wengi wenu mnaosoma hapa mlikula chakula cha mtu kama yeye. Mko kwenye vikundi vya WhatsApp vya wanafunzi wa zamani, mnachangia basi la shule, geti jipya, jezi za timu. Wengine sasa mna watoto, au wadogo zenu mnawalipia. Mkutano ujao wa shule, kabla ya kuzungumzia basi, inua mkono uulize swali moja: mpishi alilipwa lini mara ya mwisho? Usiulize analipwa ngapi, hilo watalizungusha. Uliza tarehe. Na usiketi mpaka uambiwe.